Siku Saba Kabla ya Sindano

Barua ilifika imechoka. Ilikuwa imeandikwa anwani ya nyumba tuliyohama miaka sita iliyopita, ikakaa kwa huyu, ikakaa kwa yule, mpaka mpangaji mmoja wa zamani alipokutana na binti yangu sokoni akamwambia, "Pale kwangu kuna bahasha ya mama yako, ina stempu ya nje." Binti yangu alinikuta jikoni naosha masufuria. Alisimama mlangoni, akaisoma kwa simu, ile unayoielekeza kwenye maandishi ya watu ikakupa ya kwenu. Alisoma mara mbili kimoyomoyo ndipo akasema, "Mama, ni habari za baba."

Baba yake alifariki miaka kumi iliyopita. Alikuwa mpaka rangi wa meli. Alikwenda nchi ile kwa mkataba wa miaka miwili, akafanya mwaka mmoja na miezi minne, akaanguka kutoka kwenye jukwaa akiwa na brashi mkononi. Kampuni ilimzika hukohuko. Tuliletewa begi lake, cheti, na picha ya kaburi lenye kibao cha bati kilichoandikwa 417. Jina halikuwepo. Miaka yote hiyo nimemwombea mume wangu nikiona namba. Najua Mungu hahitaji kibao, ila mimi nilikihitaji.

Barua ilisema makaburi ya kule ni ya kupanga, kama vyumba. Muda wa namba 417 unakwisha tarehe kumi na tatu mwezi wa sita, saa kumi jioni. Baada ya hapo mifupa itatolewa na kupelekwa kwenye shimo la wote. Lakini mke, au mtoto, akifika mwenyewe kabla ya saa hiyo na cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, atapewa kijumba kidogo ukutani, mifupa itiwe humo, na mbele yake liandikwe jina. Huduma hiyo haifanywi kwa barua wala kwa simu.

"Saa kumi jioni," wifi yangu alisema. "Hata wafu wanafungiwa ofisi."

Wifi yangu ni mdogo wa marehemu, tunaishi naye. Ana ulimi, lakini siku ile alikwenda uani akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nne. Binti yangu ana mtoto wa miezi mitatu aliyezaliwa kwa shida, kwenda hawezi. Nikasema nitakwenda mimi. Sijawahi kuvuka mpaka wowote, sijawahi hata kuona ndege ikiwa chini.

Binti yangu alitafuta habari usiku na mchana, mtoto akiwa begani. Akagundua kwamba watu wa kwetu hawaombi viza kuingia nchi ile. Mtu anaingia kama mtalii, anapewa siku thelathini, anarudi. Kibali cha shughuli nyingine, cha kwenda kushughulikia mambo maofisini, kinataka barua ya mwaliko na kinachukua miezi miwili, na miezi miwili hatukuwa nayo. Akang'oa karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita, akaandika nyuma yake vitu vinavyotakiwa: pasipoti yenye uhai wa miezi sita kuanzia siku ya kuingia, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala palipolipiwa, fedha ya kuonyesha kwamba hutalala njaa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Akaibandika kwa mkanda juu ya sinki.

"Na ukiulizwa umekuja kufanya nini," akasema, "unajibu utalii. Neno moja tu, Mama. Usihubiri."

"Mimi si mtalii."

"Mtalii ni mtu yeyote anayeingia halafu akaondoka."

"Mtalii anakwenda kutazama. Mimi nakwenda kumwandikisha baba yako jina."

Wifi akadakia, "Sema unatalii makaburi. Wenzako wanakwenda kutazama simba, wewe utamtazama kaka yangu. Naye alikuwa ananguruma akilala, si tofauti sana."

"Shangazi, tafadhali."

"Shangazi tafadhali nini? Namjua mama yako. Ataulizwa swali moja atoe ushuhuda wa saa nzima, foleni yote nyuma yake izeeke."

Tulicheka. Lakini neno lile lilinikaa rohoni. Sijazoea kusema uongo, na sikutaka uongo uwe ufunguo wa mlango ambao mume wangu yuko nyuma yake. Mwishowe nikajipa jibu. Mji ule una daraja kubwa, marehemu alilitaja kwenye barua zake. Nikimaliza ya kaburi, nitatenga siku moja nikalitazame daraja, nilitazame vizuri kama watazamavyo watalii. Hapo neno litakuwa kweli.

Niliomba pasipoti Jumatatu iliyofuata, na nikaweka nadhiri. Nilisema: Ee Mungu, ikitoka kwa wakati, kesho yake nitaanza kufunga siku saba, sitatia kitu kinywani kuanzia alfajiri hadi jua lizame. Sikumwambia mtu. Nadhiri ikisemwa huwa kama majivuno.

Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yanakuja na kila kitu unachoweza kufikiria, na yanaondoka meupe. Miaka kumi na tisa nimesimama pale kati ya mvuke na pasi, na kama kuna jambo ninalolijua, ni kukagua. Doa lililoiponyoka mashine halinipiti. Ndiyo maana karatasi ile ya juu ya sinki niliikagua kila siku. Tiketi: kuondoka tarehe kumi na moja mwezi wa sita, kufika kumi na mbili, kurudi ishirini. Nyumba ya wageni: imelipwa, kwa fedha ya cherehani yangu niliyoiuza. Usiku nilikuwa nadarizi jina la marehemu kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe, kwa herufi zilezile tunazotilia alama mashuka ya wodini, ili mifupa ifungwe humo kabla ya kuingia ukutani.

Pasipoti ilitoka tarehe ishirini na saba mwezi wa tano. Kesho yake nikaanza kufunga.

Kesho yake hiyo ndiyo ilikuwa siku ya chanjo za safari. Pale hospitali kwetu wanachoma mara moja tu kwa wiki, wakishakusanya watu, kwa sababu kichupa kikifunguliwa hakiwekwi. Chumba cha chanjo kiko ng'ambo ya ua wa kuanikia. Niliomba nusu saa kwa msimamizi nikavuka.

Muuguzi wa chanjo tunafahamiana kwa makoti. Ni yake yale yenye wino mfukoni, hakumbuki kamwe kufunga kalamu.

"Mama wa kufulia leo umehamia kwetu," akasema. "Unakwenda wapi, tusije tukalalia magodoro matupu?"

"Safari kidogo."

"Haya, kaa. Umekula?"

"Nimefunga."

Akaweka sindano chini. "Sikuchomi. Wiki iliyopita nimeokota wawili sakafuni, wote walikuja na njaa, na mmoja alikuwa mnene kuliko mimi." Akavuta mfuko wake, akatoa kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi, akanitia mkononi. "Kula hiki, kunywa chai yangu hapo, dakika kumi nakuchoma. Mungu si mtu wa kinyongo."

Mkate ulikuwa bado na joto la mfuko. Nilikaa nao mkononi. Nikafikiri: siku ya kwanza tu, saa nne asubuhi, nivunje ahadi kwa sababu ya sindano? Nimeomba kitu kikubwa namna hii, halafu nilipe kwa mkate?

"Nimeweka nadhiri," nikamwambia, nikamrudishia.

"Basi rudi wiki ijayo. Utakuwa umemaliza?"

"Nitakuwa nimemaliza."

"Wiki ijayo basi. Na uje umeshiba."

Jioni binti yangu aliniuliza kama nimeshachomwa. Nilimwambia, "Wameniambia nirudi wiki ijayo." Kila neno katika hayo ni la kweli. Nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile, na kila neno ni la kweli.

Wiki iliyofuata, tarehe nne, nilikwenda nimeshiba, nikachomwa. Safari hii watu walikuwa wengi na muuguzi alikuwa mbio. Aliandika kadi ya manjano, akagonga muhuri, akasema kama anavyowaambia wote, "Inaanza kufanya kazi baada ya siku kumi." Niliikagua kadi palepale dirishani. Jina sawa. Mwaka wa kuzaliwa sawa. Namba ya pasipoti sawa, muhuri haukufutika. Pembeni palikuwa na tarehe nyingine, kumi na nne mwezi wa sita. Niliiona. Nikajua ndiyo zile siku kumi za dawa kutembea mwilini, kwamba nisiumwe na mbu kabla yake. Kwetu kufulia, shuka likishapita kwenye pasi ni safi, halingojei kuwa safi. Nikasema za mwili atanilinda Mungu. Nikarudi kwenye mashuka yangu.

Nyumbani nikaiweka kadi ndani ya pasipoti, na binti yangu akachora alama ya vema kwenye karatasi ya juu ya sinki. Vitu vitano, alama tano.

Tarehe kumi na moja tulifika uwanjani mapema mno, sote wanne, mtoto akiwa kifuani kwa mama yake. Binti yangu hakuruhusiwa kupita, akabaki nyuma ya kioo. Dada wa kaunta alikuwa msichana mwenye sauti nzuri. Alitazama pasipoti, akatazama tiketi ya kurudi, akatazama karatasi ya nyumba ya wageni. Akaniuliza kazi ya safari.

"Utalii," nikasema.

"Karibu sana, mama." Akafungua kadi ya manjano. Akaitazama, akatazama kioo cha kompyuta yake, akaitazama tena. "Mama, kadi hii bado."

"Bado nini? Muhuri huo hapo."

"Muhuri upo. Lakini inaanza tarehe kumi na nne. Wewe unafika kesho, kumi na mbili."

"Hizo ni siku za dawa, mwanangu. Mimi mwenyewe siogopi."

"Si suala la kuogopa, mama. Kule wanasoma tarehe hii. Ikiwa haijafika, kwao ni kama hujachanjwa. Watakurudisha kwa ndege hiyohiyo, na sisi tutatozwa faini." Aliinamisha kichwa karibu. "Samahani. Nikikuruhusu, nitakuwa nimekupeleka kulala kwenye viti vya watu na kurudi."

Nikamwambia habari ya kaburi. Nilimwambia yote, saa kumi jioni, kijumba cha ukutani, jina. Alinisikiliza, hata alimwita mkubwa wake, naye akaja akasoma kadi akatikisa kichwa. Walinipangia ndege iliyofuata. Zilikuwa zinakwenda siku moja na kuruka siku. Ya kumi na tatu ilikuwa inafika kumi na nne asubuhi. Tarehe ya kurudi haikuweza kubadilishwa.

Nilitoka na begi langu. Binti yangu aliona kwa mbali, akaanza kulia kabla sijafika.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Alipiga simu ofisi ya makaburi, akaambiwa maneno marefu, akapiga tena. Aliomba siku moja tu. Walimjibu kwamba mashine imekodiwa kwa safu nzima, kuanzia namba mia nne hadi mia nne na hamsini, na anayeiendesha hawezi kuruka kaburi moja.

"Ni yule muuguzi," binti yangu akasema. "Ulikwenda mapema, akakurudisha. Wiki nzima kakupotezea. Kesho naenda kumshtaki kwa mkuu wake."

"Na amshtaki," wifi akasema. "Watu wanakalia vyeo vyao kama mayai."

Nilikuwa nimeshika begi mapajani. Nikasema, "Acheni."

"Tuache nini, Mama?"

"Acheni tu. Yameshapita."

Wakadhani ni upole. Wifi alinishika bega, jambo ambalo si kawaida yake. Nami nikanyamaza, mimi ambaye neno utalii lilinikosesha usingizi.

Niliamua kwenda hivyohivyo. Binti yangu alidhani ni kwa sababu tiketi ilishalipwa. Mimi nilitaka kuona kwa macho.

Tarehe kumi na nne, kule, foleni ilikuwa ndefu na kimya. Askari wa mpakani alikuwa kijana mwenye miwani. Nilipanga karatasi zangu mbele yake moja baada ya nyingine, kama zilivyokuwa juu ya sinki. Kadi ya manjano aliitupia jicho moja tu. Aliuliza, nami nikatoa kikaratasi binti yangu alichoniandikia kwa lugha yao, kilichosema: Nimekuja kwa utalii, siku sita. Akagonga muhuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kukunja shuka.

Nilikwenda makaburini moja kwa moja na begi langu. Mlinzi wa pale ni mzee wa makamo, mwenye mabuti ya mpira na ufunguo shingoni. Nilimwonyesha barua. Akasoma namba, akanitazama, akaanza kutembea. Nikamfuata.

Safu ile ilikuwa udongo mtupu, umesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa. Alama za magurudumu zilikuwa bado mbichi. Akanyoosha mkono upande wa pili, kwenye ukuta, palipokuwa na mfuniko mkubwa wa saruji chini, wa lile shimo la wote. Ukuta wenyewe ulikuwa na vijumba, kila kimoja na jina. Kulikuwa na nafasi nyingi tupu.

Nilipiga simu nyumbani ili binti yangu atafsiri. Alisikika karibu kama yuko nyuma ya mlango. Aliongea na mzee kwa msaada wa simu nyingine, ile inayotafsiri, maneno yakaenda na kurudi. Mzee akafungua daftari kubwa akanionyesha mstari: 417, umekatwa kwa rula, sahihi, na saa. Saa tano asubuhi, tarehe kumi na nne. Walikuwa wamesubiri mpaka saa kumi jioni ya jana kama walivyoahidi, wakalala, wakaanza asubuhi. Nilipokuwa kwenye foleni ya pasipoti mashine ilikuwa mia nne na kitu.

"Anauliza," binti yangu akasema, "anauliza kwa nini hukuja jana. Anasema watu wa namba nyingine walikuja."

Mzee alikuwa ananitazama. Hakuuliza kwa ubaya. Nadhani alitaka tu kuandika kitu kwenye daftari lake.

"Mwambie nilikuwa nafunga," nikasema.

"Nini?"

"Siku ile ya kwanza, muuguzi alitaka kunichoma. Alinipa mkate wake nile kwanza, nikakataa. Nilikuwa na nadhiri ya siku saba. Yeye hakunichelewesha. Nilijichelewesha mwenyewe."

Nilisikia mtoto analalama nyuma, na maji ya bomba. Mzee alisubiri, daftari mikononi.

"Mama," binti yangu akasema baadaye, polepole, "jana nimepeleka barua kwa mkuu wa wauguzi."

"Nilikwambia uache."

"Hukuniambia kwa nini."



Kisha akauliza, "Umekula leo?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Tangu jana kwenye ndege."

"Nenda ukale, Mama. Usifunge huko. Nenda tu ukale." Akakata.

Sijui kama alimtafsiria mzee chochote. Nilitoa kitambaa changu, nikamwonyesha jina jekundu, nikaonyesha mfuniko wa saruji. Akatikisa kichwa, si kwa ukali. Alinionyesha kibao kilichosema, kwa picha, kwamba hakuna kuacha maua wala vitu. Nikakikunja. Nikapiga magoti pale kwenye saruji, nikaomba kwa muda. Nilitaja jina lake. Chini yangu walikuwa wengi, na nilitumaini kila mmoja ana mtu wa kumtaja.

Siku sita zilibaki, na tiketi haikubadilika. Hapo ndipo nilipokuwa mtalii. Sikuwa na ofisi ya kwenda, wala mtu wa kumwona, wala kazi. Asubuhi mwenye nyumba ya wageni alikuwa ananiwekea mkate na chai, na ramani, na kidole chake kikionyesha hapa na hapa. Nilikwenda. Niliona daraja. Ni kubwa kweli, watu walikuwa wanapiga picha na mimi nikalitazama kutoka mwanzo hadi mwisho kama nilivyoahidi, upepo ukinipiga, na sikuweza kufikiria kitu chochote juu yake.

Siku ya nne nilifika kwenye lango la karakana ya meli. Haikuwa kwenye ramani, niliuliza kwa kuonyesha picha ya marehemu akiwa na ovaroli. Nilikaa upande wa pili wa barabara. Saa ya kutoka walitoka wanaume kwa makundi, wakapita karibu yangu, wachovu, wengine wakitaniana, na kucha zao zilikuwa na rangi ya kijivu kwenye mizizi. Za kwake zilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa namsugulia kwa mafuta ya taa, na haikutoka hata siku moja. Nilikaa mpaka wa mwisho alipopita na lango likafungwa. Kesho yake nikarudi tena, wakati uleule.

Nilipotoka nchini mwao askari alikuwa mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimeona daraja. Aligonga muhuri bila kuniuliza kitu.

Nyumbani wifi alinipokea begi. "Haya, mtalii," akaanza, halafu akaniangalia usoni akaacha. Karatasi ya juu ya sinki ilikuwa imeondolewa, ukuta ukabaki na alama nne za mkanda. Binti yangu alinipakulia, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Jumatatu, kabla ya kuwasha mashine, nilikwenda kwa mkuu wa wauguzi. Barua ya binti yangu ilikuwa mezani kwake, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Nilimwambia kosa ni langu, nikamweleza yalivyokuwa. Aliniuliza kama niko tayari kuyaandika. Nikayaandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, ukurasa mmoja na nusu. Akasema muuguzi alikuwa ameshaandikiwa onyo, ataona namna ya kulifuta. Hakuahidi.

Saa nne muuguzi mwenyewe alikuja dirishani kwetu kuchukua makoti. Nilikuwa nimeyapiga pasi asubuhi, doa la wino nikalitoa kwa ndimu na chumvi, lote. Aliyapokea, akayaangalia, akaona.

"Nimesikia ulikuja kuandika," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu unasafiri lini. Ningekuchoma umelala kitandani, kwa njaa yako hiyohiyo."

"Sikujua kama unahitaji kujua."

Akayaweka makoti begani. Alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta kalamu.

"Ulifika lakini?"

"Nilifika."

Akaitikia kwa kichwa, akavuka ua kati ya mashuka yaliyoanikwa. Nikachukua jingine kwenye rundo, nikalitandaza, nikaanza kukagua.